Kiharusi Si Amri ya Kulala Kitandani

Ugonjwa wa kiharusi umekwisha kuingia katika makambi yetu, nasi hatuna budi kuuzungumza waziwazi. Kwa muda mrefu tulizoea kuudhania kuwa ni ugonjwa wa wazee na wa matajiri wa mjini. Lakini leo twawaona makoplo na masajini ambao hawajafika miaka 50, watu waliokuwa wakisimama katika gwaride juma lililopita, wakiamka alfajiri na kukuta mkono na mguu wa upande mmoja haiwatii, mdomo umekwenda kombo, na neno walilotaka kulisema limekwama. Chama cha kimataifa kinachoshughulikia ugonjwa huu chakadiria kwamba katika kila watu wanne waliovuka umri wa miaka 25, mmoja atapatwa na kiharusi kabla ya kufa kwake. Ichukue hesabu hiyo uipeleke kwenye platuni ya watu 32, utapata watu 8. Si hesabu ya kuchezea.

Juu ya sababu zake mengi yamekwisha kuandikwa, wala hatutakaa sana hapo. Uchunguzi mkubwa ujulikanao kwa jina la INTERSTROKE, ambao Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 22 zilizoshiriki wakati matokeo yake ya kwanza yalipotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba mambo kumi yanahusika na karibu asilimia 90 ya hatari yote ya kiharusi, na kubwa lao ni shinikizo la damu. Sigara imo, pombe imo, na unene wa tumbo umo. Kila askari na aijue presha yake kama anavyoijua namba yake ya jeshi, na aliyepewa vidonge avimeze hata siku anazojiona mzima. Hayo yatosha.

Tunalotaka kulisema leo ni lile linalofuata baada ya hospitali. Mgonjwa amevuka hatari ya kifo, amepewa ruhusa, amerudishwa kambini au katika nyumba za polisi, na mlango umefungwa nyuma yake. Je, anafanywa nini? Kwa kadiri tulivyoona, katika nyumba nyingi anafanywa jambo moja tu, nalo ni kulazwa. Mkewe anamtandikia godoro zuri kuliko yote, watoto wanakatazwa kupiga kelele, majirani wanaingia mmoja mmoja kutoa pole, na kila aingiaye husema maneno yale yale: “Mwacheni mzee apumzike.” Analishwa kwa kijiko ingawa mkono mmoja ni mzima. Anabebwa kama mtoto. Mwezi wa kwanza unapita hivyo, na wa pili, na wa tatu, na watu wanasema kwamba Mungu ndiye ajuaye.

Huo ni upendo, wala hatuwalaumu wafanyao hivyo, kwani hakuna aliyewaeleza vinginevyo. Lakini ni upendo unaodhuru. Mtu mzima mwenye afya, ukimlaza kitandani mwezi mmoja bila kuinuka, atainuka akiwa dhaifu, sembuse huyu! Misuli isiyotumika hunyauka. Viungo visivyokunjwa wala kunyoshwa hukauka, vidole vikajifunga ngumi isiyofunguka, na nyayo ikaelekea chini kiasi kwamba hata nguvu zikirudi mguu hauwezi tena kukanyaga sawasawa. Ngozi ya makalio na ya visigino huoza kwa kulaliwa. Damu hugandamana katika miguu. Kifua hujaa. Wengi wafao katika majuma ya baadaye hawaui tena kiharusi chenyewe, bali maradhi haya yanayokuja kumkuta mtu amelala.

Yafaa tueleze jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo, kwa maana anayeelewa jambo halihitaji kulazimishwa. Kiharusi ni ajali ya ubongo. Mshipa wa damu umezibika au umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo imekufa. Mkono na mguu haina kosa lolote; misuli ni ile ile, mifupa ni ile ile. Ninyi mnaofahamu kazi ya mawasiliano vitani mtaelewa kwa urahisi: kikosi kipo na silaha zake zipo, lakini mpiga simu aliyekuwa akileta amri kutoka makao makuu ameuawa. Mpiga simu huyo hafufuki. Lakini jirani zake katika ubongo wanaweza kujifunza kazi yake, wakatandaza waya mpya, na amri ikaanza kufika tena, kwanza kwa kukatikakatika, kisha kwa uwazi zaidi. Nao hujifunza kwa njia moja tu, yaani kwa kurudia kitendo kile kile mara nyingi sana. Ndiyo maana mkono usioombwa kufanya kazi hauwezi kurudi. Hakuna anayelazimika kujifunza kuupelekea amri.

Kazi ya kumwongoza mgonjwa katika njia hiyo ndiyo iitwayo tiba ya viungo, ambayo hospitalini mtaisikia ikiitwa fiziotherapia. Watu wengi hudhani ni kukandwa kwa mafuta. Sivyo. Kukanda kwaweza kuwamo, lakini kiini cha tiba hii ni mgonjwa mwenyewe kufanya kazi chini ya macho ya mtu aliyesomea.

Wala si tiba ngeni kwa majeshi. Huko Uingereza chama cha kwanza cha ufundi huu kiliundwa mwaka 1894 na wauguzi wanne wanawake, nao walikuwa wachache na wasiojulikana sana. Ni Vita Kuu ya Kwanza iliyowafanya wahitajiwe, pale hospitali zilipojaa askari waliokatika viungo na kupooza, na ikaonekana kwamba daktari wa upasuaji akimaliza kazi yake, kazi ya pili ndiyo kwanza inaanza. Marekani nayo ilipoingia katika vita hivyo iliajiri wanawake maalumu kwa shughuli hiyo. Tunaweza kusema bila kukosea kwamba ufundi huu ulikulia mikononi mwa askari waliojeruhiwa, na kwa hiyo si jambo la heshima kwa askari wa leo kuukosa.

Sasa tuingie ndani ya chumba kile chenye pazia.

Katika siku za mwanzo jambo kubwa ni namna ya kumlaza. Abadilishwe ubavu kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Kumlaza upande uliopooza si vibaya kama watu wanavyoogopa, ilimradi bega livutwe mbele kidogo lisibanwe chini ya mwili. Akiwa ameketi, mkono dhaifu uwekwe juu ya mto au meza, usiachwe ukining'inia. Na hapa twataka kusema kwa sauti kubwa: asiinuliwe kamwe kwa kuvutwa mkono ule uliopooza! Bega la mkono huo halina misuli ya kulishika, hivyo likivutwa huteguka, na maumivu yake yaweza kumkaa mtu mwaka mzima na kumfanya akatae mazoezi yote. Tumewaona vijana wenye nguvu, waliozoea kumnyanyua mwenzao vitani, wakimvuta baba yao kwa namna hiyo wakidhani wanamsaidia. Mshike kiunoni au kwenye mkanda, wala si kwenye mkono.

Halafu huja kuketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu. Watu hulidharau jambo hili, lakini asiyeweza kuketi bila kuanguka hawezi kusimama. Baada ya hapo ni kuinuka kutoka kitini na kuketi tena. Mguu dhaifu urudishwe nyuma kidogo ili nao ulazimike kuchukua uzito, kwani mgonjwa akiachiwa hiari yake atainuka kwa mguu mzima peke yake. Ainuke mara tano, apumzike, mara tano tena. Na kesho yake sita. Zoezi hili halihitaji chombo chochote ila kiti imara kilichosukumwa ukutani na mtu wa kusimama karibu. Mwenye kuliweza amekwisha kupata nusu ya safari ya kwenda chooni mwenyewe, na hakuna jambo linalomrudishia mtu mzima heshima yake kuliko kwenda chooni bila kubebwa na binti yake.

Kuhusu choo chenyewe, vyoo vya shimo tulivyonavyo katika makambi mengi ni vya kuchuchumaa, na aliyepooza hawezi kuchuchumaa. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na mti wa kushikia uliochomekwa ukutani ni kazi ya asubuhi moja. Tunashangaa kwamba jambo dogo hivi halifanywi, huku mtu akizungukwa na majirani wenye nguvu za kujenga handaki kwa siku moja.

Askari mwenye bidii akisoma hapa aweza kusema: vyema, basi tumfanyishe mazoezi kama kuruta, asubuhi hadi jioni, naye atapona upesi. Ngoja kwanza, ndugu yetu. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uitwao AVERT, uliofanywa kwa wagonjwa 2,104 katika Australia, New Zealand, Uingereza na nchi mbili za Asia. Wale walioinuliwa mapema kabisa, ndani ya saa 24 za kwanza, na kuzidishiwa muda wa mazoezi, walitoka na hali mbaya kuliko wenzao waliokwenda polepole. Ilionekana kwamba katika siku hizo za mwanzo kinachofaa ni kuinuliwa mara kwa mara kwa muda mfupi mfupi. Ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi, na uchovu huo si uvivu. Afande wa kambi asiuone uvivu mahali usipokuwapo.

Mkono ndio mkaidi kuliko mguu, na ndio unaokatiwa tamaa mapema. Mtu hujifunza haraka kufanya kila kitu kwa mkono mzima, na ule mwingine unaachwa ukining'inia kama mkono wa koti. Kuna njia moja ambayo sisi twaipenda kwa sababu haihitaji fedha. Mkono mzima hufungwa ndani ya glavu nene isiyo na vidole, ili ule dhaifu usiwe na pa kukwepea kazi. Katika uchunguzi uliotolewa huko Marekani mwaka 2006, watu 222 waliokuwa wamekwisha kukaa na kiharusi kwa miezi mitatu hadi tisa walijaribiwa. Waliowekwa katika njia hii walivaa glavu kwa muda mwingi wa saa zao za kuamka kwa majuma mawili, huku wakifundishwa kazi za mkono kila siku ya kazi, na mwaka mmoja baadaye walikuwa bado wanawapita wenzao. Lakini si kila mtu anafaa. Lazima vidole viwe na uwezo kidogo wa kujinyosha vyenyewe, la sivyo ni kumtesa mtu bure, na ni mtaalamu ndiye wa kuamua.

Kazi zenyewe ziwe za maisha yake. Mkono haujifunzi sana kwa kufinya mpira mchana kutwa. Unajifunza kufunga vifungo vya shati kwa kufunga vifungo vya shati. Mpe maharage ayachambue. Mpe brashi na kiwi apake buti za mwanawe aliye kazini. Aliyekuwa fundi wa silaha apewe vyuma vya kusafisha, visivyo na risasi bila shaka.

Wako wanaotuambia kwamba haya yote ni ya nchi tajiri, kwamba bila mashine hakuna matibabu. Jibu lake lilipatikana huko huko kwenye nchi tajiri. Mwaka 2011 Wamarekani walilinganisha watu 408. Baadhi yao walifundishwa kutembea kwenye mashine ya mkanda unaozunguka, miili yao ikiwa imening'inizwa kwa mikanda ili kupunguza uzito. Wengine walifanya mazoezi ya kawaida nyumbani kwao wakiongozwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Baada ya mwaka mmoja kundi la mashine halikuwashinda wa nyumbani. Kwa jumla zaidi ya nusu ya watu hao wote walikuwa wametengenea katika kutembea kwao. Tukiwa na fedha za mashine moja kama ile, sisi tungeajiri watu.

Na watu wenyewe hawaepukiki. Twasema hivyo kwa sababu kuna wazo lililo jepesi mno, kwamba familia ifundishwe mara moja hospitalini kisha iachiwe mzigo wote. India walilijaribu wazo hilo kwa uaminifu mkubwa, kwa wagonjwa 1,250 wa hospitali 14, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Baada ya miezi sita wale walioachiwa familia iliyofundishwa hawakuwa na nafuu yoyote zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Hatuelewi kwamba familia haina faida. Bila mke na watoto hakuna wa kumgeuza mtu usiku wala wa kusimama karibu na kiti. Tunaelewa kwamba familia ni askari wazuri wasio na ofisa. Anahitajika mtu aliyesomea kazi hii arudi mara kwa mara, atazame, akosoe, na azidishe ugumu wa zoezi pale ambapo mke kwa huruma yake angeliacha lilivyo.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Wataalamu hawa ni wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Mgonjwa aliyeko Kampala aweza kufika Mulago. Aliyeko katika kambi ya Moroto au Kotido anahesabu nauli, anahesabu siku, anaangalia mguu usiopanda basi, na anabaki nyumbani. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza, ambayo ndiyo nafuu huja kwa wingi, inapotea akiwa amelala. Nafuu haikomi hapo, wapo wanaoendelea kupata nguvu baada ya mwaka na zaidi, lakini wakati uliopotea mwanzoni ni ghali kuununua tena.

Kuna mambo mengine yasiyoonekana kwenye misuli. Mgonjwa aliyepoteza maneno mara nyingi hakupoteza akili. Anawasikia mnapomzungumzia kana kwamba hayupo. Mwingine, hasa aliyepooza upande wa kushoto, ubongo wake husahau kwamba kuna upande wa kushoto. Anakula nusu ya sahani na kusema chakula kimekwisha, anagonga mlango kwa bega, na watu wanasema amerukwa na akili. Huyo asogezwe polepole ajifunze kugeuka. Mgeni amsalimie kutoka upande huo. Na karibu mtu mmoja katika kila watatu hushikwa na huzuni nzito baada ya kiharusi, huzuni ambayo ni ugonjwa na ina dawa. Anapokataa mazoezi, isidhaniwe upesi kwamba ni kiburi cha cheo.

Wala tusifiche kwamba wengi wetu bado wanasema mgonjwa amerogwa. Upande mmoja wa mwili kufa usiku mmoja ni jambo la kutisha, na si ajabu watu kutafuta adui. Lakini kila shilingi na kila siku inayokwenda kumtafuta adui huyo imeondolewa katika zile siku za mwanzo. Anayetaka kuomba dua na aombe, huku mgonjwa akiinuka na kuketi kitini.

Sasa twawageukia makamanda. Tumesikia malalamiko kwamba askari aliyepatwa na kiharusi huhesabiwa upesi kuwa amekwisha, na mazungumzo ya kuondoka katika nyumba ya serikali yanaanza kabla hajajaribu kusimama. Jenerali Dwight Eisenhower, aliyeamuru majeshi ya washirika katika Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipatwa na kiharusi tarehe 25 Novemba 1957 akiwa rais wa Marekani, na maneno yakamtatiza ulimini. Kilikuwa kiharusi chepesi, lazima tuseme hivyo, naye alikuwa na madaktari ambao koplo hana. Hata hivyo, katika mwezi wa Desemba alikuwa Paris mkutanoni, na alimaliza kipindi chake Januari 1961. Hatusemi kila aliyepooza atarudi kwenye doria. Twasema kwamba mtu asipimwe kwa ajili ya kustaafishwa kabla hajapata japo miezi sita ya tiba ya viungo iliyo ya kweli, na kwamba jeshi na polisi zina kazi nyingi za kuketi: simu, stoo, daftari la lindo, kufundisha makuruta darasani. Sajini wa miaka 20 ya kazi ana mambo kichwani ambayo kijana wa mguu mzima hana.

Tunachoomba si hospitali mpya. Twaomba katika zahanati ya kila kambi kubwa kitengwe chumba kimoja chenye viti imara, kioo kirefu, ngazi fupi ya mbao na reli mbili za kushikia ambazo seremala wa kambi aweza kuzitengeneza. Mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo apangiwe kuzunguka makambi ya eneo lake, na siku yake ijulikane, iwe Jumanne au Alhamisi, isibadilishwe ovyo. Katika kila zahanati mwuguzi mmoja ajifunze kwake ili zoezi lisife siku nyingine sita. Polisi na jeshi waliokaa mji mmoja watumie chumba kimoja, kwani kiharusi hakiangalii rangi ya sare. Na lori la kambi linalokwenda kila juma kuchukua posho limpitie mgonjwa anayekaa mbali, limlete asubuhi na kumrudisha jioni. Nafasi ya kiti kimoja karibu na dereva haijapata kukosekana.